Kura ya Kulazimishwa

Kila mwenye akili ajua kuwa jambo litendwalo kwa khiyari halilingani na litendwalo kwa kulazimishwa. Wanalokhitalifiana watu ni hili: je, tendo la kulazimishwa halina faida kabisa?

Tutazame Australia. Katika uchaguzi wa 1922 waliofika kupiga kura hawakutimia 60 katika kila 100. Mwaka 1924 ikatungwa sharia ya kuwalazimisha watu wote, na mwaka 1925 wakafika zaidi ya 91. Hata leo, asiyefika bila ya udhuru katika uchaguzi wa nchi nzima hutozwa faini ya dola 20.

Wako wasemao kuwa huko ni kukusanya miili, si kukusanya nia. Na maneno yao yana ukweli. Sharia humfikisha mtu penye sanduku. Walakini kura ni siri, wala sharia haijui alichoandika. Kwa hivyo karatasi kama 5 katika kila 100 huharibika, na wako wanaoandika nambari kwa kufuata safu, tangu juu hata chini, bila ya kumpima yeyote.

Wako na wasemao kuwa maskini na wanyonge wakifika wote, mtawala hawezi kuwasahau. Na haya pia ni kweli.

Walakini na watazame Uholanzi. Huko watu walilazimishwa kuhudhuria tangu 1917, na sharia hiyo ikafutwa 1970. Katika uchaguzi wa bunge wa 1967 walifika kama 95 katika kila 100; katika ule wa 1971 wakafika 79. Wengi walibaki na desturi yao; lakini wale waliokuwa wakivutwa na sharia peke yake, ilipoondoka waliondoka nayo.

Mfano wake ni mtoto apelekwaye chuoni. Mzazi humshika mkono, naye hulia. Akimkuta mwalimu wa kumfundisha, iko siku atakwenda mwenyewe. Asipomkuta, atachakaza mkeka tu. Basi serikali iwalazimishayo watu kuchagua imejitwika deni la kuwafundisha. Na mpiga kura naye hana udhuru: kura ni ushahidi, na ashuhudiaye asilolijua huwadhulumu wenziwe, awe amekwenda kwa khiyari yake au kwa kuogopa faini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.