RAMADHANI 12: Aliyekataa kutoka gerezani



Ndugu yangu, leo kabla hujafuturu mkumbuke aliyeko mahabusu. Huyo hajahukumiwa, anasubiri. Kila wiki mbili anapandishwa karandinga, anafikishwa mahakamani, anaambiwa "upelelezi haujakamilika", anarudishwa. Kosa likiwa halina dhamana, ndo hivyo tena, miaka inakatika. Masheikh wa Uamsho tuliwaona wenyewe: miaka ndani, kisha Juni 2021 mashtaka yakafutwa.

Rudi kwenye Surat Yusuf, aya ya 50. Nabii Yusuf (a.s.) kasahauliwa jela miaka, mfalme anatuma mtu amtoe. Mimi na wewe tungekimbia hata viatu tusivae! Yeye akamrudisha mjumbe: kaulize kwanza habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Alitaka kesi yake itazamwe, jina lisafishwe, ndipo atoke.

Sasa sisi mtaani. Kijana akikamatwa tu, tushamhukumu. Mkewe akipita tunanyamaza, watoto wake hatuwapelekei futari, eti "baba yao kayataka mwenyewe". Kayataka nini? Nani kakwambia, na hakimu mwenyewe hajasema?

Surat Al-Insaan, aya ya 8, inamtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima katika wanaolishwa kwa ajili ya Allah. Ijumaa baada ya Alasiri tunakusanya tende, sabuni na dawa ya meno za kupeleka mahabusu, in shaa Allah. Na jioni ya leo, ile nyumba unayoijua, peleka sahani.