Dhamana ya Fundi

Vijana wa Gombani wanaongoja abiria karibu na uwanja wa mpira, pikipiki zao zikiwa zimeelekezwa barabara ya Chake Chake, hawana mazungumzo yanayowapendeza kuliko nguvu za injini. Wala siwalaumu, kwa kuwa Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na aliyepakia mtu na polo la karafuu juu ya injini ndogo aijua adha ya mlima. Lakini mtu akiazimia kuiongezea nguvu pikipiki yake, huuliza bei, kisha huuliza kasi, ilhali swali lililo kubwa kuliko hayo ni nani atakayebeba hasara injini ikifa, na mtu huyo yuko wapi.

Pikipiki iliyomo bado katika dhamana ya kiwanda isiguswe, maana kuifungua injini nje ya gereji ya wakala aghalabu huibatilisha dhamana hiyo. Ama iliyokwisha kutoka, mwenyewe anayo ikhtiari, na achague kwa hadhari. Silinda huchongwa ili ipokee pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25, kisha 0.50, na kuendelea, na kila ikichongwa ukuta wake hupungua unene. Tena hewa ikizidishwa bila ya petroli kuongezwa kwa kadiri yake katika kabureta, injini hupata joto la kupindukia, hata pistoni ikatoboka.

Nilipata kumwona fundi mmoja wa Chake Chake, mtu mzima msemaji wa machache, akiifungua plagi ya mteja na kuigeuzageuza juani kabla ya kutaja bei. "Nyeupe hii, mwanangu," akasema, "injini yako ina njaa ya petroli, tuishibishe kwanza, kuchonga baadaye." Akaipima injini, akaviandika vipimo katika daftari lenye nakala, karatasi moja akampa mwenyewe. Fundi aliyeipunguza kazi yake mwenyewe namna hiyo ndiye ninayemwamini.

Wanazuoni walikwisha kulijadili jambo hili la nani abebe hasara karne nyingi kabla ya injini kuzuliwa. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali akiwatoza mafundi, kama mtia rangi nguo na sonara, gharama ya mali iliyoharibika mikononi mwao, kwa kuona kuwa mambo ya watu hayatengenei ila kwa hivyo. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, tuyafuatayo wengi wetu kisiwani, kauli yenye nguvu ni kuwa fundi ni mwaminiwa, halipi mpaka ithibiti kwamba alizembea. Na uzembe utathibitishwa kwa nini, ikiwa hapana maandishi? Hata sheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 ya kumlinda mtumiaji haimfai sana asiye na risiti.

Wapo wanaovutwa na gereji za Unguja na Dar es Salaam kwa urahisi wa bei. Lakini injini ikigoma, itapakiwa melini Mkoani kurudishwa huko kwa nauli ya mwenyewe, na msimu wa karafuu haumngojei mtu.

Basi, kijana wa Gombani, mtake fundi aandike saizi ya pistoni, tarehe, muda wa dhamana na yale asiyoyadhamini, kabla hajashika spana. Na akikataa kuandika, ondoka na pikipiki yako, hata kama bei yake ni nusu ya wenziwe.