Aliyekabwa Hasemi Uongo

Mlinzi wa zamu ya usiku anayerejea Mikindani, Mombasa, asubuhi na kujitupa kitandani chali, jua limeshachomoza, yuko karibu zaidi na jinamizi kuliko jirani yake aliyelala usiku kucha. Macho yanafumbuka. Chumba anakiona, honi za matatu anazisikia, lakini hata kidole hakiinuki. Kisha anajua kwamba hayuko peke yake. Kuna kitu mlangoni, kinasogea, kinamkalia kifuani. Anataka kusoma Ayatul Kursi na ulimi haumtii. Muda si mrefu mwili unaachiliwa, naye anabaki ameketi jasho likimtiririka, akiwa na hakika kwamba kuna aliyeingia humo ndani.

Madaktari wanalo jibu, nami nalikubali. Tunapoota, ubongo huizima misuli ya mwili ili tusiinuke tukatenda tunayoyaona ndotoni. Pengine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, na ndoto ambayo haijakwisha ikaendelea macho yakiwa wazi. Kukosa usingizi, kulala chali na kazi za zamu zinazogeuka kila wiki huzidisha jambo hili. Changamwe ni mahali pa bandari, maghala na viwanda, na watu wanaolala mchana huko ni wengi.

Jibu hilo likitolewa barazani, mara nyingi hufuatwa na kicheko: kumbe ni usingizi tu! Upande wa pili wa baraza yupo anayejua papo hapo kwamba kijana ametumiwa jini, na aliyemtuma jini huyo anamjua. Wawili hawa huonekana mahasimu, ilhali kwangu wamefanya kosa moja. Kila mmoja ameyaruka yaliyompata mtu ili afike upesi kwenye maelezo aliyokuwa nayo tangu jana. Mlinzi hakusema uongo. Alisema alikabwa, na kweli alikabwa: uzito aliuhisi, hofu aliihisi, na kuwepo kwa mwingine chumbani alikuhisi waziwazi. Nani alimkaba ni swali jingine, na katika swali hilo yeye hana elimu zaidi yetu kwa sababu tu aliyepatwa ni yeye.

Mwaka 1982 mtafiti wa Kimarekani David Hufford alichapisha kitabu kuhusu watu wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, ambao tangu zamani husimulia habari za kikongwe anayekuja usiku na kuwakalia vifua. Wengi walidhani watu hao huona hivyo kwa kuwa wamelelewa na hadithi hizo. Hufford alikuta kwamba hata watu ambao hawakuwahi kuisikia hadithi yenyewe walieleza mambo yale yale: mwili kugandishwa, hatua za miguu, kifua kubanwa. Mvuvi wa kule na mlinzi wa huku hawakufundishana. Basi anayewaambia watu wa pwani kwamba wamejazwa kichwani na ngano za bibi zao amepotoka. Katika jambo hili tukio lilitangulia, na ngano ikaja kulipa sura.

Sura hiyo ndiyo inayotupasa kuiogopa. Pemba na Unguja, mwaka 1995, ilichukua jina la Popobawa. Watu waliacha nyumba zao wakalala nje kwa makundi, wakikesha kando ya moto, katika mwaka ambao visiwa hivyo vilikuwa vikielekea uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Hofu ile ilikuwa ya kweli na waliokabwa walikuwa wengi. Lakini mgeni mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili, aliyefika Unguja kutafuta matibabu, alipigwa na umati hadi akafa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Kuanzia kifua kilichobanwa hadi maiti barabarani, hakuna hatua hata moja iliyolazimishwa na tukio lenyewe. Watu ndio waliozipiga.

Nitaulizwa: basi huamini kwamba majini wapo? Kwa Mwislamu swali hilo lilikwisha zamani. Qurani ina sura nzima, ya 72, yenye jina lao. Kwa Mkristo wa Bombolulu, pepo wachafu wamo ndani ya Injili. Sina haja ya kumbishia yeyote kati yao. Ninachosema ni kwamba kuamini majini wapo ni jambo moja, na kujua kwamba jini fulani leo yumo mwilini mwa binti fulani pale Mlaleo ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni imani. La pili ni habari ya mahali na saa, nayo hudai ushahidi kama habari nyingine zote. Nani wa Kisauni hajasikia kuhusu mwanamke mrembo aliyepandishwa garini usiku, akashuka kwa miguu ya punda? Mtu anaweza kuyakubali yote ya kitabu chake na bado akauliza, bila dhambi yoyote, dereva huyo ni nani na gari lilikuwa la nani. Tumezoea kuchukua uzito wa imani ya kwanza tukaikopesha habari ya pili, na hapo ndipo waganga matapeli wanapopata riziki: wanauza habari kwa dhamana ya imani.

Wapo wanaosema imani hizi hazina madhara, watu waachwe nazo. Ningekubali kama gharama yake ingelipwa na mwenye imani. Nikiyatazama yaliyotokea upande huu wa pwani naona mtindo unaonisumbua: tunapomtaja jini, mara nyingi tunamsamehe mwenye nguvu, tunapoutaja uchawi, mara nyingi tunamshika mnyonge.

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa karibu na gati na watu 272 wakafa. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi. Kila mtu wa Likoni amewahi kusikia kwamba bahari ina wenyewe, kwamba mkondo wa Kilindini hudai kafara na usipopewa hujichukulia. Simbezi mama anayesema hivyo. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande na kuandika habari zao mwaka 1937, alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu waliokaa kivulini, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamezila nguzo. Anachouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Swali la mama wa Mtongwe ni hilo hilo: kwa nini mwanangu, aliyeikosa feri ya kwanza akapanda hiyo? Hakuna mhandisi awezaye kumjibu, na kumwambia swali lake halina maana ni ukatili. Lakini swali hilo likitangulia, lile la mchwa hufa kabla halijaulizwa. Nani aliruhusu umati ule kuingia? Nani alihesabu? Wenyewe wa bahari hawawezi kuitwa mbele ya tume. Meneja anaweza. Kila tunapomwachia jini ajali ya aina hii, kuna mtu ofisini anapumua.

Sasa vuka Mtwapa uingie Kilifi. Huko wanaoulizwa ni wazee. Kwa miaka mingi wanaume na wanawake wenye mvi wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi tuhuma zikitoka ndani ya ukoo wenyewe na mara nyingi kukiwa na shamba nyuma yake. Wapo waliopaka nywele rangi nyeusi kwa kuogopa kuonekana wazee. Kaya Godoma, upande wa Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa na watoto wao. Mtoto ameugua homa, ng'ombe amekufa, ajira imekosekana, na ramli ikipigwa jibu linamwangukia ajuza anayeishi peke yake. Sijasikia bado ramli iliyomtaja mwenye mali na walinzi.

Sheria ya Uchawi ya Kenya ilitungwa mwaka 1925, na waliokuwa wakiitunga hawakuwaheshimu watu wa nchi hii. Hata hivyo ina kifungu kinachonifanya nitue. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo, lakini pia inamwadhibu anayemshutumu mwenzake kwa uchawi bila kuipeleka shutuma hiyo kwa mamlaka kama chifu au polisi. Haikuhitaji kuamua kama uchawi upo. Iliona kwamba neno lenyewe, likishasemwa juu ya mtu, ni silaha.

Likoni inajua namna nyingine ambayo imani hugeuzwa silaha. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana waliokula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, upande wa Kwale, walikivamia kituo cha polisi cha Likoni. Waliua askari, wakachukua bunduki, kisha wakawageukia majirani zao waliotoka bara. Watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayahama makao yao. Maelfu walijibanza katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba ya mwaka huo. Vijana wale walikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu ardhi na ajira, na walikuwa wameaminishwa kwamba kiapo na dawa vingewakinga na risasi. (Baadhi ya makaya ya Wamijikenda yaliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Ni mahali pa dua, pa makaburi ya wazee na pa miti isiyokatwa, na ni dhulma kuyakumbuka kwa kiapo hicho tu.)

Miaka 92 kabla ya uvamizi huo wa Likoni, katika Vita vya Maji Maji, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani. Walikufa kwa maelfu, na wengine wakaendelea kuyanywa. Si kwamba watu hao hawakuwa na akili. Kila kago huja na miiko yake: usile hiki, usimguse mke, usitazame nyuma. Aliyekufa basi hathibitishi kwamba dawa ilikuwa ya uongo. Anathibitisha kwamba alivunja mwiko. Aliyenusurika anathibitisha kwamba dawa inafanya kazi. Imani iliyopangwa hivi haiwezi kukosea, na kwa hiyo haiwezi kujifunza. Kila maiti inaipa nguvu. Mganga wa kiapo hana hasara iwe iwavyo, wala mwanasiasa aliyesimama nyuma yake. Tume iliyoongozwa na Jaji Akilano Akiwumi ilikaa kuyachunguza mapigano ya Likoni pamoja na mengine ya kikabila, ripoti ikakabidhiwa mwaka 1999, na wananchi wakaisoma mwaka 2002. Katika mazungumzo ya mitaani, hata hivyo, kinachokumbukwa zaidi ni hirizi. Msitu na damu ya kuku vina mvuto kuliko majina ya waliowalipia vijana nauli.

Ningekuwa nimeyaeleza mambo nusu kama ningeishia hapo, kwa sababu yako matukio ambayo maelezo ya kisomi nayo huyadhulumu. Fikiria binti anayepandwa na pepo. Sauti inabadilika, anasema Kiarabu kilichovunjika au lugha isiyojulikana, anataka marashi, kanga ya rangi fulani, halua. Pepo hupokewa kama wageni, wakapigiwa ngoma, wakaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Wasomi wengi, tangu kitabu cha I. M. Lewis cha mwaka 1971, wamesema hizi ni njia za wanawake waliobanwa kupata wanachonyimwa. Kuna ukweli humo. Lakini maelezo hayo hulisikia ombi la kanga na kuyaacha maumivu, kana kwamba binti alikaa akapanga hesabu. Nimewaona watu katika hali hiyo. Hawachezi. Sijui jina sahihi la kilichowapata, na sioni haya kukaa bila jina hilo kwa muda.

Familia ya Kisauni katika hali hiyo huwa na njia mbili: kisomo kwa sheikh au maombi kwa mchungaji, na hospitali ya Port Reitz, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na wodi ya wagonjwa wa akili. Watu huzungumza kana kwamba kuchagua moja ni kuikana nyingine. Dua haijawahi kuzuia dawa kufanya kazi, na daktari mwenye busara hamkatazi mama kusoma. Hatari huanza mganga anaposema dawa ziachwe, au anapomtaja shangazi. Hapo mama asihojiane naye. Amshike mwanawe mkono watoke.

Lakini aliyoyasema binti yasitupwe pamoja na mganga. Katika hali hiyo watu husema wasiyoyasema wakiwa wazima, na wanaosikiliza huwa na shughuli nyingi za kumjua pepo ni wa kabila gani hata wasisikie maneno yenyewe. Sauti inasema: huyu asiolewe na yule. Inasema: huyu asirudishwe kwenye nyumba ya mjomba. Nyumba ya mjomba iendewe, milango yake ifunguliwe na watu waulizwe, pepo awe yupo au hayupo.