Ufa wa Ukuta na Amri ya Tano

Katika miji yetu Wakristo wengi hawakai katika nyumba zao wenyewe. Wamepanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya mtu mwingine, na mara nyingi ni nyumba ile ijulikanayo na wote: ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, ua nyuma, na choo kimoja cha wote. Wengi wao hutoa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hawajalala humo hata usiku mmoja. Basi hutokea paa kuvuja juu ya kitanda, au waya wa umeme kubaki wazi ukutani, au sakafu ya choo kuanza kutitia. Mpangaji humwarifu mwenye nyumba, naye hujibu, “Nimesikia, nitaleta fundi.” Mwezi hupita, na fundi haonekani.

Twataka kuuliza juu ya neno hili mbele ya Mungu. Je, kukawia huko ni uzembe tu, au ni dhambi? Na kama ni dhambi, yavunja amri gani? Tena mpangaji anyamazaye kwa hofu, je, unyamavu wake waweza kuitwa uvumilivu wa Kikristo?

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni ya kweli, lakini yamfaa hasa mtu akaaye katika nyumba yake mwenyewe, maana hasara ya uvivu wake itampata yeye. Katika nyumba ya kupanga mambo sivyo yalivyo. Aachaye ufa ni mmoja, na aangukiwaye na ukuta ni mwingine. Mwenye nyumba hulala mahali pakavu, na mtoto wa mpangaji hukohoa. Kwa hiyo methali peke yake haitoshi kumwamsha. Yampasa aamshwe na amri ya Mungu.

Na amri hiyo ipo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Musa amwagiza kila ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari yake. Katika nchi ile watu walipanda juu ya nyumba, wakakaa na kulala huko. Na mtu akianguka kwa kukosa ukingo, damu yake ilihesabiwa juu ya nyumba ile. Tuangalie vema: mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hakufanya neno lo lote, na ndilo kosa lake. Vivyo hivyo katika Mambo ya Walawi, sura ya 14, twasoma habari za pigo lionekanalo kama madoa ya kijani au mekundu katika kuta za nyumba. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyepaswa kwenda kumwarifu kuhani, wala hakungoja kuitwa. Nyumba ilitolewa vyombo, ikafungwa siku saba, ikatazamwa tena. Na pigo likiwa limeenea, mawe mabaya yaliondolewa, mengine yakatiwa, ukuta ukapakwa upya. Siku zilihesabiwa. Hapakuwa na nafasi ya kusema “nitaleta fundi” pasipo kutaja siku.

Daktari Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya tano, ile ikatazayo kuua, alifundisha ya kuwa haivunjwi na atendaye mabaya peke yake. Huvunjwa pia na yule awezaye kumkinga jirani yake na madhara ya mwili, asimkinge. Basi tumepata jibu la swali letu la kwanza. Si kila kukawia ni kosa hili. Rangi iliyochujuka yaweza kungoja, na bawaba ya dirisha yaweza kungoja kidogo. Lakini waya ulio wazi, ukuta ulioinama, shimo la choo litakalomeza mtu, na maji yaingiayo katika kuta wanapolala watoto, hayo hayangoji. Kwa mambo hayo, mwenye nyumba aliyekwisha kujua na aliye na uwezo, akikawia, asiseme ya kuwa amechelewesha kazi tu. Amegusa amri ya tano.

Wala mtu asidhani ya kuwa tunatia chumvi. Hata katika nchi zenye mali jambo hili limeua. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwezi wa Desemba 2020, alifariki mtoto wa miaka miwili. Mwezi wa Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitoa hukumu ya kwamba mtoto huyo alikufa kwa ugonjwa wa pumzi ulioletwa na kuvu iliyojaa katika nyumba waliyopanga wazazi wake. Baba yake alikuwa ameieleza habari ya kuvu ile tangu mwaka 2017, akaambiwa aipake rangi juu. Kwa sababu ya kifo kile Bunge lao lilitunga sheria mwaka 2023. Na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 mashirika na halmashauri zipangishazo nyumba za jamii huko hupaswa kuondoa hatari kubwa ya ghafula katika muda wa saa 24. Rangi juu ya kuvu haikumfaa mtoto yule. Na saa 24 ziliandikwa baada ya kaburi kuchimbwa.

Nchi yetu ya Tanzania nayo haikuacha jambo hili pasipo neno. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humhesabu apangishaye chumba au nyumba ya kukaa kuwa ameahidi, hata mkataba usipotaja, ya kwamba mahali pale panafaa kukaliwa na watu, na ya kwamba patatunzwa hivyo siku zote za upangaji. Na apangishaye sehemu tu ya nyumba huhesabiwa kuwa ameahidi kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu. Basi matengenezo hayo si sadaka, wala si hisani ambayo mpangaji aipigie magoti. Ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Lakini mwenye nyumba mmoja atasema, “Asiyependa na ahame.” Ahame aende wapi, naye kodi yake ya miezi sita imo mkononi mwako? Mwingine atasema, “Sina fedha.” Huyu tumsikilize kwa upole, maana wako wajane ambao chumba kimoja cha kupangisha ndicho shamba lao na ng’ombe wao. Hata hivyo umaskini haumfungi mtu kinywa. Aweza kusema kweli, na kupatana na mpangaji kwamba mpangaji amlipe fundi, na fedha hizo zikatwe katika kodi, yote yakiandikwa na kutiwa sahihi na wote wawili. Aweza kumhamishia chumba kingine kikavu. Asichoweza kufanya kwa dhamiri safi ni kula kodi na kunyamaza.

Sasa tumgeukie mpangaji. Uvumilivu ni tunda jema. Lakini mtu huvumilia mateso yake mwenyewe, hana ruhusa ya kuvumilia kwa niaba ya mtoto wake na jirani zake. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba asiyearifiwa hawezi kutubu. Kwa hiyo anyamazaye hamwokoi mtu ye yote, wala mwenye nyumba mwenyewe. Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 18, ametuwekea taratibu, nayo yafaa hapa. Kwanza aende kwake peke yake, kwa adabu, amwonyeshe kitu chenyewe: “Baba, njoo utazame waya huu.” Aombe siku ya fundi, kisha aandike barua fupi yenye tarehe, na nakala yake aiweke. Akikataliwa, amchukue shahidi mmoja au wawili, au mwenyekiti wa mtaa. Akizidi kukataliwa, yako mabaraza ya ardhi. Na kwenda huko si uadui, maana serikali nayo imewekwa na Mungu. Lakini asizuie kodi kwa hasira pasipo mapatano, asije akaonekana mdeni yeye. Na kama ni yeye aliyekiharibu kitu kile, aseme hivyo kabla ya kudai.

Mwisho twasema na wazee wa sharika na waalimu. Ushirika nao mara nyingine ni mwenye nyumba. Una nyumba ya mwinjilisti, pengine na vyumba vya kupangisha karibu na kanisa. Mwinjilisti huona haya kulalamika, asije akadhaniwa kuwa apenda raha. Na wapangaji wa kanisa huogopa kushtaki kana kwamba wanamshtaki Mungu. Tutawezaje kumwonya mwenye nyumba wa mtaani, kama bati la nyumba ya mwinjilisti wetu linavuja mwaka wa tatu, huku tukihesabu michango ya mnara? Baraza la wazee na liende, lipande ngazi, litazame. Lililo la hatari litengenezwe kabla ya kazi nyingine zote.

Mvua za masika huanza mwezi wa Machi, wala hazingoji kikao. Kila mmoja wetu aliye na ufunguo wa nyumba anayokaa mtu mwingine, na akumbuke ya kuwa amekabidhiwa pia usingizi wa watu wale, naye ataulizwa juu yake.