Mlango wa Toba Ukiwa Wazi

Anayeingia kwenye kibanda cha video, Dar es Salaam au Mombasa, anajua kanuni moja kabla filamu haijaanza: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, na mwishowe atasimama. Hata hivyo watu hubana pumzi. Jambo hili linastahili kufikiriwa, maana kama mwisho unajulikana, basi hofu yetu haihusu uhai wake. Adui naye tunajua atashindwa, lakini ndiye ambaye sauti yake na mwendo wake huigwa mtaani wiki nzima. Jibu la haraka ni kwamba binadamu anapenda nguvu, awe nazo mwema au mbaya. Jibu hilo naliona pungufu. Naamini shujaa na mwovu wanatushika kwa kitu kimoja, ambacho watu wa dini wana jina lake tangu zamani: mlango wa toba. Shujaa anatuvuta maadamu bado anaweza kuanguka, na mwovu anatuvuta maadamu bado anaweza kurudi. Msimulizi akishaufunga mlango huo, tunabaki na sanamu.

Mtazame Fumo Liyongo, ambaye Waswahili wa Pate na Lamu wamemsimulia kwa karne nyingi, na ambaye Muhamadi Kijuma alimtungia utenzi mwaka 1913. Ni vigumu kumpata shujaa wetu mwingine aliyepewa nguvu kama zake. Akiwa kifungoni, mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia mkate wa wishwa, wasijue kwamba ndani yake mna tupa. Kisha panapigwa ngoma ya gungu, na chini ya vishindo vyake yeye anakereza minyororo mpaka inakatika. Hapo tunamshangilia. Kumpenda kunakuja baadaye, pale mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme wa Pate, anapomuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo angeweza kunyamaza. Angeweza kudanganya. Anasema: sindano ya shaba, kitovuni. Tangu hapo msikilizaji hajali tena Liyongo anamudu kupigana na watu wangapi. Anataka kujua baba atamwamini mwana hadi wapi. Halafu macho yanahamia kwa mwana. Baba amelala, sindano iko mkononi, na bado haijachoma. Kwa kitambo hicho kifupi kijana huyu hajawa msaliti. Anaweza kugeuka akatoka nje, na kisa kizima kimesimama juu ya ncha ile ya shaba.

Kwa upande wa waovu, ushahidi mzito kuliko wote nauona kwa Shetani wa John Milton, mshairi wa Uingereza aliyechapisha Paradise Lost mwaka 1667. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mshairi William Blake alidai kwamba Milton alikuwa upande wa shetani bila kujijua, na wengi baada yake wameueleza mvuto wa Shetani yule kwa ujasiri wake na ufasaha wa hotuba zake. Nadhani hao wametua mapema mno, kwenye sehemu za mwanzo. Katika kitabu cha nne cha utenzi ule Shetani amesimama mlimani peke yake, hana jeshi la kuhutubia, bustani ya Edeni iko mbele yake na jua la adhuhuri liko juu. Anakiri kwamba Mungu hakumtendea ubaya wowote. Anajiuliza kama nafasi ya kutubu imebaki. Kinachomzuia zaidi ni haya, kwa kuwa aliwaahidi wenzake ushindi, na sasa atawaambia nini? Nani asiyeijua haya hiyo, ya kuendelea na kosa kwa sababu watu wameshakuona ukilianza? Katika Kurani pia Iblisi anaulizwa kwanza ni nini kilichomzuia kusujudu, naye anatoa hoja: yeye kaumbwa kwa moto, Adamu kwa udongo. Muumini anayefika hapo hajifunzi kumpenda Iblisi. Anaitambua sauti ya kiburi kwa kuwa ameshaisikia ndani ya kifua chake.

Wapo watakaosema kwamba kumkaribia mwovu namna hii ni hatari. Plato aliogopa kwamba washairi wanazinywesha maji tamaa ambazo zilipaswa kukauka, na wahubiri wetu wanasema kijana anayemshangilia jambazi wa filamu kesho atamwiga. Sidharau hofu hiyo. Lakini tazama yaliyompata Shylock, mkopeshaji Myahudi wa Shakespeare. Mwaka 1943, kwenye jumba la Burgtheater mjini Vienna, chini ya utawala wa Wanazi, Werner Krauss alimwigiza kama kiumbe wa kuchukiza tu, katika mji ambao Wayahudi wake walikuwa wamekwisha kufukuzwa na kupelekwa kuuawa. Watazamaji hawakuhitaji kumpenda mwovu ili maovu yapate nafasi. Ilitosha kuwaonyesha mtu asiye na mlango. Mwalimu Nyerere alifanya kinyume. Tafsiri yake ya tamthilia hiyo ya Shakespeare ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza akawa wengi: Mabepari wa Venisi. Kwa kiambishi kimoja tu, wale waliokuwa wakimtemea Shylock mate waliingia kizimbani pamoja naye. Ninayemwogopa ni mwovu aliyechorwa kana kwamba alizaliwa hivyo, kwa sababu anatuzoesha kudhani kwamba wako binadamu wa aina hiyo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la waovu wasiojieleza. Joker wa filamu ya The Dark Knight, ya mwaka 2008, anasimulia asili ya makovu yake mara mbili, na visa viwili hivyo havifanani. Hana majuto wala sababu, na bado mashabiki hawajamwacha. Mlango wake uko wapi? Nadhani umehamishwa. Filamu ile inafikia kilele kwenye vivuko viwili vilivyotegwa mabomu, kimoja kimebeba wafungwa, na kila upande umepewa kitufe cha kuulipua mwingine kabla ya saa sita usiku. Mfungwa mmoja mwenye umbo la kutisha anakiomba kitufe, anakipokea, anakitupa nje dirishani. Joker anatushika kwa kuwa kila anapopita wengine wanalazimika kuchagua. Hata Iago, mwovu mwingine wa Shakespeare, anayekataa katakata kueleza sababu zake mwishoni mwa tamthilia ya Othello, alikuwa ametuambia sisi watazamaji mipango yake mapema, tukakaa na siri hiyo huku Othello akiendelea kumwita mwaminifu.

Sindano ilipoingia, Liyongo alichukua upinde akaenda kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, akafa katika hali hiyo. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kusogea kuteka maji. Wakamleta mama yake ambembeleze. Mama anasema na mwanawe kwa maneno ya upole, mwana hajibu, na mji mzima una kiu. Sisi tunaosikiliza tunamsikitikia mama, lakini jicho moja linamtafuta yule kijana aliyekuwa na sindano, ambaye bado hajui kwamba binti aliyeahidiwa hatampata.