Chaji Imeishia Mlandizi



Desemba nilipanda gari na mjomba wangu, Kimara hadi Moshi. Ana Mitsubishi Outlander ile ya haibridi, unaichomeka ukutani kama simu, na injini ya petroli imo. Tuliondoka alfajiri, kimyaa, raha tupu. Karibu na Mlandizi nikasikia injini inanguruma. "Mjomba, limeharibika?" Akacheka. "Chaji imeisha tu. Safari iko palepale."

Betri yake inabeba uniti kama 12 za LUKU. Ukiendesha kwa upole unapata kilomita 50 hivi, na Moshi ni zaidi ya 500. Mjini mjomba anakaa siku kadhaa bila kupita sheli. Barabara kuu anapita kama wengine, tena amebeba betri nzito!

Nilinyamaza hadi Chalinze. Kwenye begi langu, nyuma ya siti, kulikuwa na barua ya kuacha seminari. Agosti nilitoka kwenye kongamano la vijana nikiwaka moto: rozari, kuabudu, machozi. Wiki ya tatu, mkavu kabisa. Naingia kikanisani kama naingia benki. Nikasema basi, wito umekufa.

Lakini nilichosikia ni injini tu. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba ibada ni tendo la utashi, utayari wa kumtumikia Mungu. Furaha ni tunda lake. (Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na nikafaulu, jamani.) Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatuonya tusibadili uamuzi wakati wa ukavu. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta, zilizochapishwa 2007, zinaonyesha aliishi miaka mingi gizani rohoni, na bado aliwaendea maskini.

Soma 1 Fal 19:4-8. Eliya amechoka, anaomba afe. Malaika hampi hisia nzuri. Anampa mkate na maji, mara mbili, na mtu anatembea siku arobaini hadi Horebu. Sisi Mkate tunao kila siku altareni, halafu tunasubiri kwanza "tujisikie".

Angalia lakini, petroli nayo huisha. Ukiacha Misa, ukiacha kitubio, ukiacha jumuiya, hapo hujaishiwa chaji, umeishiwa kila kitu.

Kwenye miteremko mjomba aliachia mafuta, na gari likarudisha umeme kidogo kwenye betri. Kidogo tu, nilikuwa natazama kioo kile njia nzima.

Usiku nyumbani akapitisha waya kwenye dirisha la jikoni, akachomeka. Asubuhi ya Noeli tukaenda kanisani kimyakimya, bila injini. Barua ile sijaichana. Ila sijaituma pia. Niombeeni.