ARABUNI NI NENO LA SOKONI
Andiko: 2 Wakorintho 5:1-5

Neno arabuni tumelisikia sana tukiombea ujazo wa Roho, hadi wengine wanadhani ni neno la kanisani. La, ni lugha ya biashara.

Paulo aliandika arrabon kwa Kiyunani. Kwa Kiebrania ni eravon, na ndiyo Tamari alimdai Yuda katika Mwanzo 38, akapewa muhuri, kamba na fimbo. Sisi tumelipata kwa Waarabu. Maana yake ni malipo ya kwanza yanayofunga mapatano. Nenda Gikomba kwa fundi wa viti, atakwambia, "Wacha dipositi ninunue mbao." Ndiyo hiyo! Lakini si kama dipositi ya nyumba, ambayo hurudishwa ukihama (mwenye nyumba akipenda). Arabuni huhesabiwa ndani ya bei, na aliyeitoa akivunja mapatano, imempotea. Mungu ndiye ametoa hii.

Sasa angalia Paulo ameliweka wapi. Mstari wa 2 na wa 4 anasema tunaugua tukiwa katika hema hii, yaani mwili. Kuugua hapa si homa, ni kulia kwa ndani kama mtu aliyelemewa na mzigo. Halafu mstari wa 5 ndio anataja arabuni ya Roho. Kumbe aliye na Roho anaugua pia! Amepokea malipo ya kwanza, baki bado anaingoja, na baki yenyewe ni mwili usiokufa, siku ya ufufuo.

Kwa hivyo mama aliyefunga, akaomba, na bado akamzika mtoto wake, usimwambie hakuwa na imani. Nimeyasikia maneno hayo matangani, tena kutoka kwa watu wetu wa kanisa. Huko ni kumdai mtu risiti ya malipo ambayo tarehe yake haijafika.

Je, tuache kuombea wagonjwa? Hata kidogo. Mungu anaponya, tumeona. Lakini hata aliyeponywa leo ataugua siku nyingine, na yeye pia anangoja baki ile ile.

Familia zilizofiwa mwaka huu, Jumatano jioni baada ya maombi tutakaa nanyi. Hakuna atakayewahubiria. Mkitaka kulia, lieni.